Mshale mgongoni mwa saa: Ukweli na uongo wa 'saa za vita' Ufipa

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Asubuhi ya baridi mtaani Izia. Upepo wa uwanda wa juu wa Ufipa unapita barazani, na fundi saa amejifunika koti zito nyuma ya kimeza chake cha kioo. Kijana anamwamkia, anafungua leso na kutoa saa ya mkono yenye uso mweusi na namba nyeupe. Katikati ya uso pamechorwa mshale mdogo ulioelekea juu. Mgongoni zimo herufi tatu: W.W.W.

"Mzee, dalali anasema hii ni ya askari wa Keya, alirudi nayo kutoka Burma. Anataka bei ya ng'ombe wawili. Nimeona niilete kwako kwanza."

Fundi hana haraka. Anaiweka sikioni, anaigeuza, anavaa lenzi jichoni. Kisha anamwonyesha kijana akrabu ndefu ya sekunde inayozunguka uso mzima. Anafungua mgongo. Ndani, kwenye mashine, yameandikwa maandishi madogo: HMT, India.

"Saa inatembea vizuri, mwanangu. Lakini ya vita hiyo siyo."

Kampuni ya HMT, mali ya serikali ya India, ilianza kutengeneza saa mwaka 1961. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imekwisha miaka 16 kabla.

Hadithi za aina hii si ngeni nchini. Kwa miaka mingi watu wamechimba mashamba na misingi ya maboma wakitafuta mali za Mjerumani, wamepoteza fedha kwa rupia za bandia, na wapo waliouziwa chupa za "zebaki nyekundu", kitu ambacho hakuna mwanasayansi aliyewahi kukithibitisha. Sasa saa ya zamani imeingia kwenye mzunguko huo. Haichukui nafasi, inafichika mfukoni, na saa halisi za jeshi la Uingereza za 1945 huuzwa kwenye minada ya Ulaya kwa mamilioni ya shilingi. Uongo wa faida hiyo lazima upate watu wa kuusema.

Vita ilipita hapa kweli

Kinachompa dalali nguvu ni kwamba historia iko upande wake. Ufipa haikusikia vita kwa mbali.

Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka Bismarckburg, boma la Wajerumani kando ya Ziwa Tanganyika, mahali tunapopaita Kasanga. Walinzi wa boma walitoroka usiku kwa mashua. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen. Iliibuliwa mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba ambayo vizazi vya watu wa Kirando, Kipili na Kasanga wameipanda.

Vita hiyo, ya kwanza ya dunia, ikaja kufungwa jirani kabisa. Tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alisalimisha silaha huko Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi wengi.

Hata habari za dhahabu ya Mjerumani zina mbegu ya ukweli: mwaka 1916 Tabora ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo.

Kisha ikaja vita ya pili. Zaidi ya vijana 80,000 wa Tanganyika walivaa sare, wengi wao katika King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya. Walipigana Ethiopia, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika matope na malaria ya bonde la Kabaw, Burma, mpaka mto Chindwin.

Kwa hiyo mtu akikuambia babu yake alipigana Burma, huna sababu ya kumcheka. Swali ni kama saa anayokuonyesha ilikuwa naye huko.

Nani alipewa saa?

Hapa ndipo hadithi nyingi huanguka kabla hata ya saa kufunguliwa.

Katika vita ya kwanza saa ya mkono ilikuwa kitu kipya. Wanaume wengi walitembea na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na maofisa waliotaka ya mkono walijinunulia wenyewe. Anayekuletea "saa ya mkono ya askari wa Mjerumani, 1916" anakuletea kitu ambacho askari wa kawaida wa wakati ule hakuwa nacho.

Kama kasha ni la fedha, lisome. Tangu Juni 1907 sheria ya Uingereza ilitaka makasha ya saa za kigeni yagongwe muhuri wa kupimwa madini baada ya kuingia nchini humo, na katika muhuri huo mna herufi ya mwaka. Fedha ya Kijerumani hubeba taji, mwezi mwandamo na namba 800. Mihuri hiyo ni midogo kuliko punje ya ulezi, lakini ina habari nyingi kuliko maelezo ya dalali.

Katika vita ya pili, Wizara ya Vita ya Uingereza iliagiza saa za aina moja kutoka kampuni 12 za Uswisi: Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Hizo ndizo zenye herufi W.W.W. Masharti yalikuwa makali. Uso uwe mweusi, namba ziwake gizani, maji yasiingie, kioo kisipasuke ovyo, mashine iwe na vito 15. Na zote 12 zina sekunde zake katika duara dogo juu ya namba 6. Ndiyo maana fundi wa Izia alimaliza kazi kwa kuitazama akrabu moja.

Saa hizo zilikabidhiwa jeshini mwaka 1945. Divisheni ya 11 ilikuwa imeshaondolewa mstari wa mbele Burma mwanzoni mwa mwaka huo huo. Askari wa Kabaw hangeweza kuvaa W.W.W. vitani mwaka 1944, kwa sababu ilikuwa haijafika.

Tena jeshi halikumgawia saa kila mtu. Ilipewa kazi: mpiga simu wa vita, mpiga mizinga, mhandisi, ofisa. Ule mshale ulimaanisha mali ya serikali, na mali ya serikali hurudishwa stoo. Askari wa Keya aliyerudi kijijini na saa, mara nyingi alikuwa amejinunulia dukani kwa fedha yake ya kiinua mgongo.

> Mshale ulimaanisha mali ya serikali, na mali ya serikali hurudishwa stoo.

Vipande vikubaliane

Watu wanaoijua kazi hii hawaulizi kwanza kama saa ni halisi. Wanauliza kama vipande vyake vilizaliwa pamoja. Kasha, uso, akrabu, mashine na namba za mgongoni ni mashahidi watano, na kila mmoja huhojiwa peke yake.

Anza na mashine. Omega ya 1945 inapaswa kuwa na mashine iitwayo 30T2, Longines iwe na 12.68Z, IWC iwe na 83. Namba ya mfululizo kwenye mashine ya Omega ya miaka hiyo huwa karibu na milioni 10. Ukikuta namba ya miaka ya sitini ndani ya kasha la 1945, kuna aliyezichanganya.

Tazama maandishi ya mgongoni kwa lenzi. Muhuri wa kiwandani umechakaa pamoja na kasha, hivyo mikwaruzo ya miaka hupita juu yake. Maandishi ya bandia hupita juu ya mikwaruzo, na kingo zake bado ni kali. Hii ni dalili rahisi kuijifunza na ngumu kuighushi.

Uso uliopakwa rangi upya nao hujifichua. Herufi ni nene, mistari ya dakika haifiki inapotakiwa kufika, na jina la kampuni limeinama kidogo. India, hasa Mumbai, kuna biashara kubwa ya saa kuukuu zinazopakwa nyuso mpya na kusambazwa duniani kwa bei ndogo. Si zote zinauzwa kwa udanganyifu. Wengi huziuza kama saa nzuri za bei nafuu tu. Uongo huongezwa njiani, na kila mkono unaoshika saa huongeza babu mmoja.

Kuna na kipimo cha dukani kabisa. Taa ya zambarau inayotumika kukagua noti bandia ikimulika rangi ya kuwakia ya 1945, rangi ile huonyesha mwanga hafifu na kuzimika mara taa inapoondolewa. Ikiendelea kuwaka kijani kwa dakika nyingi, rangi ni ya juzi.

Na saa yenye neno "Military" usoni usipoteze muda nayo. Jeshi halina haja ya kujitangazia kwamba ni jeshi.

> Kila mkono unaoshika saa huongeza babu mmoja.

Fundi na mkusanyaji

Ugomvi wenyewe hasa uko hapa, na si kati ya mwaminifu na tapeli. Uko kati ya watu wawili waaminifu.

Kwa fundi, saa ni ya kujua wakati. Kioo kikipasuka anaweka kingine. Akrabu ikiliwa na kutu anatafuta ya saa nyingine iliyokufa. Uso ukichafuka anausafisha, na mteja akitaka kasha ling'ae analisugua mpaka ling'ae. Kwa kazi hiyo saa za baba zetu zimefika mpaka leo. Bila mafundi wa barazani, wasiokuwa na vipuri wala vitabu vya kiwanda, nyingi zingekuwa zimetupwa.

Mkusanyaji akiona saa ileile iliyosuguliwa, roho inamuuma. Kwake kila mkwaruzo ni ushahidi na kila kipande kilichobadilishwa ni shahidi aliyeondolewa mahakamani. Angelipa zaidi kwa saa iliyosimama, chafu, yenye kioo cha njano, kuliko iliyofufuliwa.

Nimewasikiliza wa pande zote mbili na kila mmoja ana haki yake. Lakini wakusanyaji wenye msimamo mkali husahau kwamba jeshi lenyewe lilikuwa fundi wa viraka. Karakana za jeshi la Uingereza zilifungua saa kwa mafungu, zikasafisha, zikarudisha kipande chochote kilichofaa katika kasha lolote. Baadaye nyuso zenye rangi ya kuwakia ya radiamu ziliondolewa kwenye saa nyingi na kuwekwa nyingine zenye tritiamu, ambazo hutambulika kwa herufi T ndani ya duara. Nyingine zilichongwa namba mpya za NATO zinazoanza na 6645-99. Saa ya 1945 yenye alama hizo inaweza kuwa halali kabisa, ilimradi mwenye kuiuza aseme kwamba ni matengenezo ya miaka ya baadaye.

Kwa maoni yangu mpaka ni huo: kusema. Fundi aliyebadilisha akrabu na kuandika kwenye karatasi kwamba ameibadilisha hajaharibu kitu. Dalali aliyenyamaza ameiba.

Wala asidhani mtu kwamba kudanganywa ni ujinga wa vijijini. Novemba 2021, nyumba ya mnada ya Phillips mjini Geneva iliuza Omega Speedmaster ya 1957 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kampuni ikasema wafanyakazi wake watatu wa zamani walihusika. Kama kiwanda kilichoitengeneza kiliuziwa, kijana wa Izia aliyeshtuka mapema na kwenda kwa fundi anastahili pongezi.

Oman nako

Kwa ndugu zetu wa Oman, waliotoka Unguja na Pemba au waliozaliwa na waliotoka huko, shida ina sura ya utajiri zaidi. Sultan Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970, alitoa zawadi za saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, nyingi zikipitia duka la Asprey la London. Baadhi ziliwafikia maofisa wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita ya Dhofar. Nembo ile ndogo huongeza thamani ya saa mara kadhaa, kwa hiyo wachapaji wa nembo hawakosekani. Huko pia swali ni lilelile: nani aliipokea, lini, na iko wapi karatasi?

Rangi yenye sumu

Kuna jambo zito kuliko fedha. Saa za vita zote mbili ziliwaka gizani kwa radiamu iliyochanganywa na unga wa zinki. Unga ule hufa kwa miaka michache na mwanga hupotea. Radiamu haifi nao. Huchukua miaka 1,600 kupunguza nguvu yake kwa nusu tu. Saa iliyokoma kuwaka zamani bado inatoa mionzi ileile.

Wasichana waliopaka rangi hiyo katika viwanda vya Marekani wakati wa vita ya kwanza na baada yake, huko New Jersey na kwingineko, walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Mifupa ya taya zao ilioza, wengine wakafa kwa saratani.

Saa iliyofungwa ikiwa nzima, iliyowekwa kabatini, haina hatari kubwa kwa anayeitazama. Hatari iko kwa fundi. Anaifungua, anakwangua rangi iliyokauka kwa kisu, anapuliza vumbi kwa mdomo ili aone vizuri, kisha anakula chapati palepale mezani. Vumbi hilo likiingia mwilini halitoki kirahisi. Hukaa ndani ya mifupa.

Kwa hiyo nasema wazi kwa mafundi wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere: uso wa zamani wenye rangi ya kahawia iliyopasukapasuka kwenye namba usikwanguliwe wala kupulizwa. Ufungwe, uwekwe mbali na watoto. Mwenye wasiwasi aulize Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo kupima mionzi ndiyo kazi yake. Kwa saa hizi, kuacha kutengeneza ni ufundi pia.

> Saa iliyokoma kuwaka zamani bado inatoa mionzi ileile.

Saa ya kweli haina mshale

Wakati watu wanakimbilia mshale, saa halisi za askari zimelala kwenye makabati ya Ufipa bila kuulizwa na mtu. Ni za vita ambayo wapiganaji wake wengi bado wako hai.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na wakombozi wa Uganda. Vijana wa Rukwa walikuwamo. Saa za mikono katika picha na masimulizi ya kizazi kile ni za raia: Seiko, Citizen, Roamer, Oris. Hazina mshale wala namba ya jeshi. Mtaalamu wa Geneva hangezitazama mara mbili. Lakini ile iliyokuwa mkononi mwa askari wakati wa kuvuka Mto Kagera ni saa ya vita kuliko W.W.W. iliyomaliza miaka yake stoo ya Uingereza.

Na uhalisi wake unapimika. Geuza Seiko ya miaka hiyo. Mgongoni kuna namba ya mfululizo ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Inayoanza na 75 ilitengenezwa Mei ya mwaka unaoishia na 7. Ili ujue ni 1967, 1977 au 1987, soma namba ya mashine iliyo kando yake. Mashine ya 6119 ni ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini hadi katikati ya sabini. Ya 7S26 ilianza mwaka 1996, hivyo anayekuambia ilipigana Kagera anakudanganya, hata kama ni mjomba wako.

Namba zikikubali, saa imethibitisha jambo moja: kwamba ingeweza kuwapo. Kwamba ilikuwapo ni neno la mtu.

Vitabu vya historia ya vita ya kwanza husimulia kwamba mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck malimbikizo yao. Mjumbe wa benki akaja Mwanza, na wazee kama 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walishika matambara ya sare, wengi walikuja mikono mitupu. Ikaamuliwa kila asiye na karatasi apewe ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Miaka 46 ilikuwa imepita. Inasimuliwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Wazee wale hawapo tena, na wa Burma karibu wote wametutoka. Wa Kagera wapo, wengi wana miaka zaidi ya 65. Ukiwa na saa ya baba au ya babu, usiipeleke ikasuguliwe kwanza. Ipige picha mbele na nyuma. Muombe fundi aifungue mbele yako, upige picha na mashine, uandike namba zote. Kisha keti na mzee umuulize aliinunua wapi, kwa shilingi ngapi, alikuwa kikosi gani, nani alikuwa naye, saa ilisimama lini na nani aliitengeneza. Andika kwa maneno yake, atie sahihi au dole gumba, uweke tarehe. Weka karatasi hiyo pamoja na cheti chake cha kumaliza utumishi na medali zake kama zipo.

Dalali akija na bei, mwonyeshe picha, mwombe naye alete karatasi ya kwake, na saa ibaki mkononi mwako mpaka ailete.